Mkono wa Kuchuma Chai

Niliacha shule darasa la saba. Kufikia miaka ile ya tisini nilikuwa nimechuma chai Kericho, nimepakia mahindi Soin, nimechota mchanga mtoni, na hakuna mahali palinishika. Kilichonishika ni bunduki ya nyati.

Kibanda cha ulinzi kilikuwa upande wa juu wa Bomet, pale mashamba ya chai yanapoishia na msitu kuanza. Nyati walitoka humo kula mahindi ya watu. Mlinzi wa wanyamapori, mzee wa Longisa, alikuwa karibu kustaafu, nami nikachukuliwa kuwa msaidizi wake. Mkubwa wake alisema wazi: nikilipiga debe tupu kwa risasi mbele yake, kazi na kibanda ni vyangu, nikishindwa, niende zangu. Niliitaka kazi ile. Nilikuwa nimechoka kulala kwa watu.

Risasi ya kwanza ilinipiga teke nikakaa chini. Bega likavimba, masikio yakalia hadi jioni. Tangu hapo, kidole kikigusa tu kifyatulio, macho yanajifumba, bega linakimbia, risasi inaingia matopeni. Nilimuuliza mzee kwa nini inasukuma nyuma, na kwa nini yeye haanguki. Akasema nina maswali mengi kuliko risasi zake.

Siku moja alinigeuzia mgongo, akaijaza bunduki, akanipa. Nikalenga, nikavuta. Ikalia tik. Ndani mlikuwa na ganda tupu la risasi iliyokwisha kutumika, lakini mtutu uliruka vilevile. Hakuna kilichonipiga na bado nilijikunyata.

Mzee akacheka. "Umechuma," akasema.

"Nimechuma nini?"

"Chai. Angalia hicho kidole. Unakata majani, unatupa kikapuni. Hii haichumwi, kijana. Umewahi kukamua?"

Nikasema nimewahi, kwa mama.

"Ng'ombe wa mateke unamkamuaje?"

Polepole, nikasema. Unaegemeza kichwa ubavuni mwake, unapumua naye, unabana bila kuvuta, na teke hulifikirii. Nikaweka shavu kwenye kitako cha bunduki namna hiyo.

Tukaendelea hivyo wiki baada ya wiki. Yeye anageuka, anajaza, mimi sijui kama ni ganda au risasi nzima. Baadaye tunakunywa chai, ananieleza jinsi ya kunusa nyati kabla ya kumwona, na kuhusu wajukuu wake. Hakula kabla sijanawa mikono. Nilikuwa nimesahau kwamba watu husubiriana.

Halafu jioni moja bunduki ililia na mimi mwenyewe nikashangaa. Macho yalikuwa wazi. Niliona debe likiruka. Mzee hakunisifu. Aliingia ndani akaanza kukunja blanketi lake.

Mkubwa alikuja, nikalipiga debe kwa risasi, akanipa mkono. Kesho yake mzee alibeba sanduku akashuka katikati ya chai, akawa kofia tu juu ya majani, kisha hata kofia ikapotea.

Jioni nilitaka kujizoeza. Nikachukua ganda na risasi, nikavichanganya mfukoni huku nimefumba macho, nichukue kimoja bila kujua. Lakini risasi nzima ni nzito, vidole vilijua mara moja. Nikajaribu tena, nikageuza mfuko, nikahesabu kwa sauti ili nijisahaulishe. Vidole vilijua. Nikakaa kwenye kigogo cha mti alichokuwa akikalia mzee, bunduki magotini, nikisikiliza msitu.