Neno la Wifi Yangu Nililoligeuza

Mimi ndiye. Niseme hivyo kabla sijaanza kujitetea, maana nikianza kujitetea nitawadanganya na nyinyi pia. Mimi ndiye niliyemwangusha wifi yangu kwenye mchujo wa chama, na sikumwangusha kwa kura. Nilimwangusha kwa mdomo huu huu ninaolia ugali!

Mimi ni Mkamba, nimeolewa na Mmaasai hapa Kitengela. Wifi yangu, nitamwita Nasieku, ni dada mkubwa wa mume wangu, na alikuwa muuguzi wa zahanati. Miaka ile ya tisini aliamua kushindana na diwani wetu, mzee aliyekalia kile kiti tangu mimi nikiwa msichana wa shule. Enzi zile ukishinda mchujo wa chama umemaliza, uchaguzi wenyewe ulikuwa wa kuthibitisha tu.

Nasieku alikuwa na jambo moja. Uwanja wa soko pale Noonkopir ulikuwa umeanza kugawanywa vipande vipande kwa marafiki wa diwani, naye aliapa kuurudisha. Mimi nilikuwa nauza nyanya kwenye uwanja huo huo. Sasa ona ujinga wangu!

Nilikuwa na kinyongo. Siku niliyoletwa kwa kina mume wangu, Nasieku alimwambia mama yao jambo kwa Kimaasai, wakacheka. Kimaasai sikukijua bado, lakini nilisikia neno moja: ilmeek. Ndivyo wanavyotuita sisi tusio Wamaasai. Linaweza kuwa jina tu, linaweza kuwa tusi, inategemea anayelitamka, na hakuna Mkamba wa Noonkopir asiyelijua. Nililimeza, likanikaa kooni. Yeye nadhani alilisahau jioni ile ile. Alinizalisha watoto wangu wote kwa mikono yake, na bado mimi sikusahau!

Diwani alikinusa kinyongo hicho. Alinikuta sokoni, mkononi ana kijiti anachokonoa meno.

"Mama, niko na mpango na wewe. Kibanda ya mbele, hapo kwa barabara, ni yako. Si ni wewe hutafsiria yule dada?"

Akatema kipande cha nyama kando ya nyanya zangu. Nami nikacheka! Mtu anatema uchafu kando ya chakula ninachouza, na mimi nasema asante mheshimiwa.

Jumapili ya mwisho kabla ya mchujo tulikutana kwenye uwanja wa shule. Wazee wa Kimaasai walikuwa mbele, kwa hivyo Nasieku aliongea Kimaasai kwa heshima yao, nami nikawatafsiria Wakamba kwa Kikamba. Wengi walijua Kiswahili, lakini ukitaka watu wakuamini unawaambia kwa lugha ya mama zao. Akafika mahali akasema, "Hawa ilmeek walinunua hapa kwa jasho lao. Asitokee mtu wa kuwaambia wahame." Halafu akanigeukia akitabasamu, akangoja. Kikamba hakujua hata salamu.

Nikasema, "Anasema ilmeek walikuta wenye ardhi hapa. Akishinda, wahame."

Neno lile walikuwa wamelisikia wenyewe kutoka kinywani mwake. Nani angenishuku? Wanawake wakaanza kuguna. Nasieku alidhani wamewakasirikia wanyakuzi wa ardhi, akapaza sauti zaidi, maskini! Na mimi, badala ya kuona haya, niliona raha. Ndiyo, raha. Niifiche ya nini tena?

Siku ya mchujo tulipanga mlolongo, kila mtu nyuma ya mtu wake, mchana peupe. Wa diwani ulizunguka madarasa ukafika vyooni. Wakamba wote walikuwa huko, hata akina mama ambao Nasieku alikesha na watoto wao wagonjwa. Nyuma ya Nasieku walikuwa walimu vijana, wazee kadhaa, mume wangu na mimi. Nilisimama karibu kabisa, naangalia kisogo chake. Mnafiki mkubwa!

Akashindwa. Tukiwa tunatoka, mama mmoja wa kanisani kwetu akamkabili.

"Wewe dada, ati tuhame twende wapi? Na vile tumekaa na wewe vizuri?"

Nasieku akaniangalia mimi, kisha akamwangalia mume wangu aliyekuwa kando yangu. Nikajua ameelewa yote. Neno moja tu kutoka kwake, na jioni hiyo ningekuwa njiani kurudishwa kwetu.

"Ni mimi nilikosea kusema," akamwambia yule mama. "Mnisamehe."

Kibanda nacho? Nilipokwenda kukidai, diwani aliwageukia watu wake akasema, "Huyu ameuza wifi yake. Mimi ataniuza lini?" Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Uwanja ukazungushiwa mabati, nami nikahamishia nyanya kando ya mtaro unaonuka. Nilistahili.

Nasieku hakugombea tena. Miaka ya elfu mbili, mpaka alipohamia Rombo, watu walikuwa bado wanamwita yule anayechukia Wakamba. Nami nilikaa nao, nikaitikia kwa kichwa. Sikumsafisha jina, na hata leo naandika nikiwa nimeficha langu. Uoga gani huu!

Lakini alijifunza Kikamba, pole pole, kutoka kwa wagonjwa wake. Siku moja mama yangu alikuja kututembelea, Nasieku akawa anampa pole ya miguu kwa Kikamba, akakwama katikati ya maneno. Nikafungua mdomo nimsaidie. Akaniwekea mkono begani, kwa upole kabisa.

"Wacha, wifi. Hii nitajisemea."

Wewe unayesimama katikati ya watu wasioelewana lugha, peleka neno lilivyo. Ukiwa na kinyongo, kitoe kwa jina lako, mbele ya uso wa mwenyewe, usikitie kinywani mwa mwingine. Na mwanasiasa akianza kuusifu ulimi wako, mkimbie! Wifi yangu alinisamehe, naamini hivyo. Ila tangu siku ile ya mchujo hajaniomba nimpelekee mtu hata salamu.