Nilimfundisha Mwalimu Wetu Mgeni Shikamoo, Akaifanya Mchezo

Ndugu Mhariri, nakuomba ulifiche jina langu, na la shule pia. Hapa Kilosa watu tunajuana.

Ndugu wasomaji, mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, nasoma kidato cha nne. Si msemaji. Nikiulizwa swali darasani, hata jirani yangu wa dawati hasikii ninavyojibu, na muda wangu mwingi unaishia maktaba. Jambo hili sijamwambia mtu, hata mama.

Mwalimu wetu wa hisabati na fizikia ni kijana wa Kizungu. Alipofika alisema amekuja kujenga taifa pamoja nasi, na tulimwamini, kwa sababu tulipokwenda kulima shamba la kijiji cha ujamaa kule Tindiga alishika jembe mpaka viganja vikatoka malengelenge. Mimi aliniazima vitabu vyake mwenyewe, na mchana wenzangu wakipumzika alinielekeza hesabu ngumu. Bila yeye nisingethubutu kuwaza udaktari.

Mwaka huu kibali chake cha kuishi nchini kilikaribia kwisha. Karatasi za wageni hapa wilayani hupitia kwa mjomba wangu, kaka yake mama. Mwalimu alikuwa akirudi kutoka ofisini uso umemwiva kwa hasira. "Kila siku njoo kesho! Mjomba wako ananichukia?"

Nikamuuliza mjomba. Akacheka.

"Nimchukie kwa lipi? Faili lake liko Morogoro, na nimemwambia. Lakini anaingia anagonga meza, 'Faili! Faili!' Mwanangu, hata mbuzi akiingia uani hulia kwanza."

Basi nikamfundisha mwalimu. Nilimweleza kwamba kwetu mtu mzima humwanzi kwa shida yako, unaanza kwa shikamoo, na kwamba unampa heshima hiyo awe ana cha kukupa au hana. Alifanya mazoezi kwa bidii, mpaka siku moja akamwamkia mtoto wa kidato cha kwanza. Yule mtoto naye akaitikia, "Marahaba, mwanangu!" Shule nzima iliangua kicheko, na mwalimu akacheka kuliko wote. Nilimpenda sana siku ile, kama kaka.

Alipomwamkia mjomba, mjomba alikuja kwetu Mabwerebwere jioni ile ile. "Dada, kijana ameinamisha kichwa! Kaniuliza mpaka habari za watoto." Wiki haikwisha, akaenda Morogoro kulifuata faili mwenyewe, akarudi nalo kwapani. Mwalimu akapewa miezi michache, huku ombi lake la kukaa zaidi likiangaliwa.

Kisha Jumapili moja alituchukua wanafunzi wachache kwa lori la shule, tukaenda Mikumi kuangalia wanyama. Mchana tulipumzika karibu na hoteli, na hapo akakutana na Wazungu wenzake, wataalamu wa miwa kutoka upande wa Ruhembe. Wenzangu walikaa kwenye lori wakila. Mimi nilikuwa kivulini hatua chache kutoka meza yao, na kitabu changu. Walizungumza Kiingereza, na Kiingereza changu kimekua kwa vitabu vya mwalimu.

"Muhuri huu leo, muhuri ule mwezi ujao, karani kaenda msibani," alisema mmoja. "Nchi hii hata kupumua utaombea kibali."

"Wewe hujui dawa yao," mwalimu wangu akasema. "Inama kidogo, taja lile neno lao, uliza habari za watoto wasiokuhusu. Mzee wangu wa pale ofisini alilainika siku ile ile. Hata hongo huhitaji."

Wakacheka. Kisha akageuka, akaniita kwa jina. "Njoo uwaonyeshe inavyofanywa."

Ndugu zangu, nilikwenda. Mwalimu akikuita unakwenda. Nilipiga goti mbele ya chupa zao za bia, nikasema shikamoo. Walipiga makofi. Mmoja akapaza sauti, "Huyu apewe kibali!" wakacheka upya. Mwalimu akanipigapiga begani. "Ndiye aliyenifundisha," akasema kwa fahari.

Kicheko kiliniuma, lakini si sana kama hili: hakushusha sauti. Alijua naelewa kila neno, na hakuona kitu cha kunificha.

Kesho yake shuleni alimwamkia mama mpishi, mkono kifuani. Yule mama akang'aa uso mzima. "Marahaba mwanangu, Mungu akuweke," akamwongezea maharage. Sikuweza kutazama. Siku hizi hata mimi neno lile nalitamka kwa shida. Mama ameshanigombeza: "Unaamkia wakubwa kama unalazimishwa! Hivyo vitabu ndivyo vinakufundisha kiburi?"

Sasa wakubwa wa mjomba wanataka mtu wa hapa asimame amsemee mwalimu. Ijumaa iliyopita mjomba alinijia. "Nataka kusimama mimi mwenyewe. Lakini wewe unakaa naye kila siku. Ni mtu wa namna gani?"

Nikainuka, nikaenda kumletea maji ya kunywa.

"Haya, aibu zako hizo," akasema, akacheka. "Utaniambia mkifunga shule."

Nikisema kweli, mjomba atajua kwamba alichekwa Mikumi kwenye meza ya bia. Na mwalimu akinyimwa kibali, darasa letu litaingia kwenye mtihani bila mwalimu wa hisabati wala fizikia, maana mwingine hatuna. Nikinyamaza, mjomba atasimama mbele ya wakubwa wake aisifu adabu ya mtu anayemdhihaki, na atasimama kwa sababu mimi nilimwacha asimame.

Shule inakaribia kufungwa. Mjomba atakuja, ataketi, ataniuliza tena, na safari hii hatakubali kwamba ni aibu. Nyinyi mliokwishaona mengi, nakuombeni mniambie: nimjibu nini?