Mume Niliyemwandika kwenye Fomu ya Meli

Mwanamke aliyesimamisha meli katikati ya ziwa ili watu wazima wachungulie majini kumtafuta mume ambaye hakuwahi kuzaliwa ni mimi, na kama uliisikia habari ile pale soko la Owino ukacheka mpaka ukashika mbavu, cheka tu, nimeshazoea, ingawa masikio bado yananiwaka kila nikiisimulia.

Mimi nauza mapazia ya mtumba, ni binti wa askari polisi, nimezaliwa kambini Nsambya (ndiyo maana Kiswahili changu kinatembea na buti), na kwa miaka yangu arobaini na tatu nilikuwa nimeliona Ziwa Nyanza kwa mbali tu, kama utepe wa kijivu nyuma ya mabati ya watu. Mwaka jana nikasema basi, kabla magoti hayajaanza kunidai nitapanda ile meli ya matembezi inayokwenda visiwa vya Ssese siku mbili, chumba na chakula humo humo, na nitakwenda peke yangu, kwa sababu ukisubiri mtu wa kwenda naye utazeeka umesimama mlangoni.

Nikaenda ofisini kwao Nakasero na hela yangu kamili kama ilivyoandikwa kwenye tangazo. Binti wa mezani, mpole kabisa, akaniuliza tuko wangapi, nikamwambia ni mimi tu, akanitazama kama daktari aliyeona kitu kwenye picha.

“Nnyabo, mama, chumba ni cha watu wawili. Ukienda peke yako unalipia na kitanda cha pili.”

“Hicho cha pili nitakilalia saa ngapi?”

“Hata usipokilalia. Lakini mwezi huu kuna ofa ya wanandoa wanaosherehekea miaka ya ndoa. Mmoja analipa, mwenzake anakwenda bure.”

Sasa niambieni ninyi. Aliye peke yake analipa kama wawili, walio wawili wanalipa kama mmoja, na mimi nimesimama pale na hela ya mmoja, tena niliyoikusanya pazia kwa pazia. Nikasikia mdomo wangu unasema, “Basi mume wangu atakuja.” Jina? Opio. Miaka ya ndoa? Kumi na tano (sijui niliitoa wapi, nadhani nilitaka ndoa iliyotulia). Binti akaandika, akatupongeza sisi wawili, nikatoka nje nikiwa mke wa mtu.

Asubuhi ya safari pale bandarini Port Bell nilikuwa nimejiandaa kusema Opio amepata dharura kazini, lakini nyuma yangu kulikuwa na kundi la waimbaji wa kanisa na masanduku yao wakisukuma, na yule mwenye orodha aliponiuliza bwana yuko wapi, nikasema yuko nyuma anakuja (ningesema ukweli siku hiyo ingeishia hapo), naye kwa haraka akaweka alama mbili, moja yangu na moja ya Opio. Kwa hiyo kwenye karatasi mume wangu alipanda meli, na mimi nikaenda zangu juu kutazama maji.

Jamani, yale maji. Nilidhani ziwa ni kitu chenye ng'ambo. Tulipoacha vilima vya Kampala nyuma vikawa vidogo, kisha vikawa moshi, kisha vikawa hakuna, nikageuka pande zote nikitafuta mahali pa kuwekea macho na sikupaona. Mbali kule kukainuka nguzo nyeusi kutoka majini mpaka mawinguni, nikadhani meli inaungua, kumbe ni wadudu, wale wadogo wa ziwani, mamilioni yao wanapanda juu pamoja wanazunguka kama sufi inayopeperushwa na upepo. Nilishika chuma cha ukingoni kwa mikono miwili. Opio nilikuwa nimemsahau kabisa.

Saa sita mchana meli ikapiga honi kwa kuvuka Ikweta, na kipaza sauti kikawaita wanandoa wa ofa waje wakate keki, wa mwisho wakiwa Bwana na Bibi Opio. Nikaja peke yangu. Nikavishwa shada la maua shingoni, la pili likabaki linaning'inia mkononi mwa mhudumu.

“Bwana anaumwa tumbo,” nikasema. “Amelala.”

Hapo nilidhani nimemaliza. Lakini miongoni mwa wanandoa alikuwemo Mama Neema, mama wa Kikongo kutoka Bukavu, muuguzi, mwenye moyo mwema kuliko nilivyohitaji siku ile, na kabla sijala keki yangu alikuwa ameshuka chini na chai ya tangawizi kumpelekea mgonjwa. Akarudi na kikombe kimejaa vile vile, uso umebadilika.

“Mama, hakuna mutu mu chumba. Nimeangaria na mu choo.”

Nilipaswa kusema ukweli pale pale. Nikasema, “Labda ametoka kutapika.” Sentensi moja hiyo, wapenzi, ndiyo iliyofanya kazi yote, maana mgonjwa anayetapika kwenye meli anatapikia wapi kama si ukingoni?

Injini ikazimwa. Sijawahi kusikia ukimya kama ule. Wakatuhesabu, wakahesabu tena, karatasi ikawa na mtu mmoja zaidi yetu, na nahodha, mzee mmoja mwembamba aliyewahi kuwa mwanajeshi wa majini, akawasha tena, akaigeuza meli nzima taratibu kufuata njia tuliyotoka. Watu wakajipanga kandokando bila kuambiwa. Mwanamume aliyekuwa anapigwa picha na keki alivua viatu na shati akasimama tayari. Waimbaji walianza wimbo wa kuombea, kwa sauti ya chini. Mama Neema alinishika kiunoni nisianguke, analia, anamwita mume wangu kwa jina. Watu sitini wasionijua walikuwa wanayapekua maji yale yasiyo na mwisho kwa macho yao, kila mmoja kipande chake, kwa ajili ya mtu wangu, na mimi mwili wote ulisisimka, kwa sababu katika maisha yangu sikujua kwamba mtu angetafutwa hivyo.

Kisha nikamwona nahodha mwenyewe anavaa jaketi la kuokolea na ile boti ndogo inashushwa. Nikamfuata.

“Afande, usishuke. Hakuna mtu majini.”

“Wewe najua namna gani?”

“Opio hayupo. Nilimwandika kwenye fomu ili nisilipie kitanda cha pili.”

Akalivua jaketi. “Hii maji nimetoa watu mingi, mama,” akasema polepole. “Ingine walikuwa watoto.” Hakupandisha sauti. Akanipa kipaza sauti. “Ambia watu.”

Nikawaambia kwa Kiswahili. Mzee mmoja akaomba nirudie kwa Luganda, nikarudia, kwa hiyo nikaaibika kwa lugha mbili. Mama Neema akakaa chini sakafuni akasema, “Asante Mungu, hakuna mwenye amekufa,” na ndipo yule aliyevua shati akaanza kucheka, wakafuata wote, isipokuwa nahodha, ambaye alirudi kwenye usukani wake bila kunitazama. Kicheko kile nilistahili. Ni mgongo wa yule mzee ndio ulioniuma.

Niliporudi Nakasero nililipa kitanda cha pili na mafuta ya kugeuzia meli, na ukijumlisha, ningeweza kwenda peke yangu kwa haki nikabaki na nauli ya boda. Kabla ya kushuka bandarini nilikuwa nimekwenda kumwomba nahodha msamaha kwa magoti, kama tunavyofanya kwetu. Aliniinua. Akasema angegeuka tena hata kama angejua ni uongo nusu, kwa sababu nusu nyingine huenda ni mtu, na mtu haachwi majini.

Nitapanda tena, nimeshaanza kuweka akiba ya vitanda viwili. Lakini tangu siku ile sijaandika kwenye fomu yoyote jina la mtu ambaye nikimwita hataitika.