Ukuta Chini ya Kikapu

Tulimwita Ukuta, naye aliitika. Mtu akiitwa ukuta miaka kumi na akaitika, ujue kuna wanaofaidi.

Kutwa alipiga pasi mashuka katika chumba cha kufulia cha hospitali, mvuke ukimpiga usoni. Jioni alivua gauni la kazi, akavaa bukta, akaja uwanjani kuumizwa mbavu. Kocha wetu alikuwa na mpango mmoja tu aliouita Pazia, na timu nzima ilikula humo. Mimi naleta mpira pembeni. Ukuta anatoka upande wa pili, anasimama njiani mwa beki anayemkaba mfungaji wetu, anakula kiwiko. Mfungaji anapenya, anaibuka chini ya kikapu, anampa beki mgongo, anainua mkono. Nampa, anageuka, anaweka. Makofi! Mfungaji huyo tulimwita Bi Harusi, maana sisi wengine wote tulikuwa wapambe wake.

Kila mechi ikiisha, mama yake Ukuta, ambaye magoti yalishamkatalia kutoka nyumbani, alimuuliza swali lile lile.

"Umefunga ngapi?"

"Tumeshinda, mama."

Ndipo tukasikia kwamba timu ya benki inatafuta mchezaji mmoja wa chini ya kikapu, na atakayechukuliwa anapewa na ajira: meza, kiti, feni. Mtu wao angekuja kututazama kwenye mechi ya mwisho wa msimu. Ukuta, umri ukimtupa mkono, alimfuata kocha. Sijawahi kumwona akiomba kitu kabla ya hapo.

"Kocha, na mimi nifunge hata mara moja, yule mtu anione."

Kocha akajikuna kidevu. "Haya. Tutaugeuza. Nikisema 'Kinyume', Bi Harusi anaziba, wewe unapita."

Bi Harusi alinuna, lakini wiki nzima aliziba. Haki yake nampa. Na Ukuta! Aligeuka na mpira kwa ulaini ambao hatukuwahi kuushuku, ukagusa ubao na kuzama. Badala ya kufurahi nilishikwa na hasira. Miaka yote hiyo tulikuwa tunamfanyia nini mtoto wa watu?

Siku ya mechi kocha alimkalia kimya mpaka dakika ya mwisho, tukiwa nyuma kwa pointi moja. "Kinyume!" akapiga kelele. Bi Harusi akaja mbio kuziba, kama tulivyokubaliana. Nikaurusha mpira juu, pale pale chini ya kikapu.

Hapakuwa na mtu. Mazoea yana taabu: miguu ya Ukuta ilikuwa imekwenda ilikozoea, kumzibia beki ili Bi Harusi apite. Wakagongana kifua kwa kifua, kama wageni wawili mlangoni, kila mmoja akimwambia mwenzake apite kwanza. Mpira ukatoka nje peke yake. Uwanja mzima ulicheka, na wenzetu wa benchi pia walicheka.

Mtu wa benki alimchukua Bi Harusi.

"Nilijua," kocha akasema akikusanya mipira. "Ukuta ni ukuta tu."

Nilitamani kumtwanga na chupa ya maji. Unamsimamisha mtu miaka kumi, halafu unamlaumu kwamba hatembei! Lakini mimi nami nilikuwa nataka namba msimu ujao, nikainama kumsaidia kuokota mipira.

Nilimsindikiza Ukuta hadi kwao. Njia nzima hakulia, hakulaumu mtu, akaniuliza tu kama mkono wangu uliotegukia mazoezini umepona. Mama yake alikuwa kwenye kiti chake, akitungojea.

"Umefunga ngapi?"

"Tumefungwa, mama."

"Sijauliza timu."

Mlango wao una springi, ukiuachia unakupiga. Ukuta alikuwa ameuzuia kwa mgongo, miguu ameitanua, mikono ameikunja kifuani, ananisubiri mimi nipite.