Glavu Iliyopanda Wakati wa Sala

Baba alikuwa amekwisha kunitangazia: nikianguka kemia, ninaacha shule na kwenda Kasugho kulima kwa mjomba, mtu anayeamsha watu kabla hata jogoo hajajigeuza. Kwa hiyo siku ya kuonyesha majaribio yetu mbele ya wazazi, pale Butembo, maisha yangu yote yalitegemea chupa moja ya maji ya vuguvugu, sukari na hamira. Mdomoni mwa chupa nilikuwa nimefunga glavu kuukuu ya zahanati. Hamira inakula sukari, inatoa gesi, gesi inajaza glavu, mwalimu anaona, anaandika pointi. Nilipiga hesabu kwamba glavu itasimama nikiwa katikati ya maelezo.

Katika hesabu hiyo sikumweka pasteri. Alichelewa, akaingia nikiwa nimekwisha kuchanganya, na kwetu pasteri akiingia anapewa sala, hata kama mmekwisha kuomba mara mbili.

Watu wakafumba macho. Mimi nikafumba moja. Akaombea watoto, walimu, mihogo, barabara ya Beni, kisha marais wote waliohusika na vita vyetu, na miaka ile walikuwa wengi. Glavu ikainua kidole kimoja, vitatu, vitano. Ilipendeza mno, na hakuna aliyeiona! Nilitaka kulia. Alipofika kwa askari wa kila upande, ikapasuka: paa!

Ukumbi mzima ulikuwa chini ya mabenchi kabla ya amina. Mkuu wa shule alikuwa amejificha nyuma ya mke wake.

Tulipokwisha kujipangusa vumbi, mwalimu wa kemia akaandika sifuri kwenye karatasi yangu. "Mi hapana ona kitu. Macho ilikuwa imefungwa."

"Mwalimu, mi niliona," pasteri akasema. "Ku batoto, kidole moja. Ku njia ya Beni, tatu. Ku baprezida, mukono muzima."

Mwalimu akayaandika yote ubaoni kwa mistari, kama vipimo vya maabara. Ukumbi ukacheka. Kisha akauliza kwa adabu, "Lakini, Pasteri, unaombaka na macho wazi?"

"Tangu vita ilianza. Nachungaka mulango."

Kicheko kikaisha. Mwalimu akafuta ile sifuri, akaniandikia nane juu ya kumi, na sote, bila kuambiwa, tukageuka kutazama mlango.