Nyundo kwenye Ekseli

Hasira zangu ziko karibu, sifichi. Asubuhi ile, nyumbani kwetu Aroi, mdogo wangu alikuwa ameshafunga tela nyuma ya trekta lake, na wanawake wanapakia masufuria. Dada yake mama alikuwa amefariki alfajiri huko Kuluba, na sisi Waislamu hatulazi maiti. Angezikwa baada ya adhuhuri. Mama, ambaye nyonga yake haiwezi pikipiki, alitaka kitu kimoja tu: amwone dada yake uso kabla hajafunikwa.

Nikainama chini ya tela. Lahaula! Mdogo wangu alinunua magurudumu ya lori ili abebe mawe mengi zaidi, ekseli, kile chuma kinachoshika magurudumu, ikawa fupi. Basi mjinga yule akaikata katikati, akaingiza kipande cha bomba la maji, akachomelea mwenyewe kwa mashine yangu nilipokuwa Koboko kazini. Mzigo ule unataka ekseli nzima, yenye urefu wake, ifungwe kwenye springi kwa nati. Haiungwi kama mguu wa kitanda.

"Hapana mtu atapanda hii," nikamwambia.

"Iko nguvu. Jana nimebeba mawe, haikufanya kitu."

"Jana mawe. Leo iko mama!"

"Wivu tu inasumbua wewe. Toka!"

Nikawafukuza wanawake, nikachukua nyundo kubwa, nikapiga pale alipounga. Pigo la tatu halijatua, akanitandika mdomoni kwa spana ya magurudumu. Nikatema jino. Nikampiga mpini wa nyundo kwenye goti, akaanguka akinitukana, nami nikarudi kwenye ekseli. Nilipiga kama mwendawazimu, damu ikinitiririka kifuani. Akaniparamia mgongoni, akanikaba koo, mimi bado napiga. Kiungo kikaachia, tela likakaa chini kwa tumbo, masufuria yakatawanyika. Ilibidi majirani wanne watutenganishe.

Gari la kukodi tulilipata saa nane mchana. Mama alipofika Kuluba, udongo ulikuwa umeshasawazishwa juu ya kaburi.

Hakulia mbele yangu. Siku ya tatu nilimpelekea uji, akausukuma pembeni. Nikamwambia, mama, lile tela lingekuua.

"Ingeua mimi njiani kwa dada yangu," akasema. "Wewe uliona hiyo iko mbaya kuliko hii?"

Nikabeba bakuli, nikatoka. Mpaka leo uji wake anapeleka mdogo wangu, akichechemea.