Mita Zilipoishia kwa Lango la Kanisa

Jumamosi, Julai. Manyunyu tangu asubuhi, na ukungu umekalia mashamba ya chai kama hauna kwao.

Manyunyu kama haya hunirudisha siku ile, na hata nikiwa peke yangu hapa mezani nasikia masikio yakipata moto kwa aibu. Sijui kama nitaieleza sawa, lakini nitajaribu nisimwonee mtu.

Hapa Tetu tuko na kikundi cha gesi ya samadi. Mtambo uko kwa mwenyekiti, mwenye ng'ombe wengi, na bomba kubwa linafuata barabara. Niliomba kuunganishiwa kwa sababu Cucu (ndivyo watoto walivyomwita mama mkwe wangu) alikohoa sana kwa moshi, na wageni wa ruracio walikuwa wanaleta mahari ya binti yetu Njeri, nami nilitaka Cucu ndiye awapikie chai ya kwanza ya gesi. Mwenyekiti akaniambia, tena polepole, "Mama Njeri, bomba jipya ni la aliyeliomba. Wewe unalipa mita."

Nikalipa mita. Mimi nilijua mita ni kile kisaa cha kuhesabu, kama cha maji, kumbe mwenzangu anasema mita za urefu! Na kwa vile niliposikia "la aliyeliomba" nilidhani kikundi kinanipa bomba bure, nikajifanya mkarimu: "Msikate nepia ya jirani, ng'ombe wake watakula nini? Zungusheni kwa kanisa." Wakazungusha, na njia ikarefuka.

Siku yenyewe, kwa kuwa fundi alishaweka koki jikoni, nilibomoa mafiga kwa mikono yangu, nikafagia majivu, nikajiona mtu wa maendeleo. Wageni walipofika nikawapa hotuba ndefu juu ya ubaya wa moshi (nani alinituma?), nikafungua koki, nikawasha kiberiti kwenye jiko jipya la gesi. Kimya. Kiberiti kingine. Kimya.

Fundi akatokea mlangoni na matope hadi magotini. "Mama, gesi yako iko. Iko kwa lango la kanisa. Mita ulizolipa zimeishia huko."

"Ati chai iko kanisani?" shangazi ya bwana harusi akauliza. "Kwani leo tunabatizwa?"

Walicheka mpaka ng'ombe wakageuka. Mimi nilitafuta mafiga kwa macho, na mafiga niliyatupa shambani yakiwa vipande. Ndipo Cucu akainuka, akachukua kigoda chake. "Bebeni jiko. Nilisema nitapika chai, sikusema wapi."

Basi tukashuka hadi lango la kanisa na jiko, mpira wake na sufuria, bwana harusi akimshikia Cucu mwavuli, na watu wa kutoka sokoni wakisimama kutazama. "Mama Njeri, mmefukuzwa?" mmoja akauliza. Fundi akaunganisha mpira, moto wa buluu ukashika, na Cucu akapika bila kukohoa hata mara moja. Akawaambia wakwe, "Msiwe na wasiwasi. Msichana alisoma hesabu. Ni mama yake tu."

Mwenyekiti hakukosa. Alisema alichosema, mimi ndiye sikuuliza. Bomba lilifika jikoni tulipopata bonasi ya chai tukalipa mita zilizobaki, na Cucu akalitumia mpaka alipotuacha. Mimi tangu hapo, nikiambiwa neno ninalolijua vizuri, ndilo nauliza mara mbili.

Leo Njeri na mumewe wametutembelea. Jioni tumekula mukimo na kabichi, na chai ilipoiva mkwe akachukua kikombe chake na mwavuli, akaenda kunywa nje kwenye manyunyu, akiangalia upande wa kanisa. Tukamwangalia kwa dirisha. Halafu tukamfuata wote.